Filamu Imekamilika, Mnunuzi Hakuna: Kisa cha John Cassavetes na Mwaka 1974

Mwaka 1974 John Cassavetes alikuwa na filamu iliyokamilika, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuichukua. Nyumba aliyoishi na mkewe, Gena Rowlands, pamoja na watoto wao ilikuwa imewekwa rehani. Rafiki yake Peter Falk, ambaye watazamaji wa televisheni walimjua zaidi kama mpelelezi Columbo, alikuwa ametia dola 500,000 za kwake mwenyewe. Filamu hiyo, A Woman Under the Influence, inakwenda zaidi ya saa mbili na inamhusu mama wa nyumbani, mke wa kibarua, anayezidiwa akilini mbele ya mumewe na watoto. Haina mauaji wala siri ya kufichuliwa. Sehemu kubwa inatokea ndani ya nyumba moja. Wasambazaji hawakuitaka.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mwigizaji anayetaka kuwa mtayarishaji huru kwa kawaida huuliza swali moja: nitapata wapi pesa za kutengeneza filamu? Cassavetes alikuwa amelijibu swali hilo miaka mingi kabla. Kilichomkuta mwaka 1974 ni swali linalofuata, ambalo wengi hulifikiria wakiwa wamechelewa: filamu ikishakamilika, nani ataipeleka kwa watazamaji, kwa masharti gani, na itaendelea kuwa mali ya nani? Ninaamini uhuru wa msanii wa filamu huamuliwa hapo. Kamera na skripti hutangulia, lakini anayeshika njia ya kuelekea kwa mtazamaji ndiye anayeshika filamu.

Ujira wa mwigizaji uliogeuka mtaji

Cassavetes alizaliwa New York mwaka 1929, wazazi wake wakiwa Wagiriki. Alisomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts akahitimu mwaka 1950, na katika muongo huo akajijengea jina kwenye tamthilia za televisheni na baadaye kwenye sinema. Mwaka 1956, pamoja na Burt Lane, alianzisha darasa la uigizaji huko Manhattan. Zoezi moja la kuigiza kwa kubuni papo hapo lilimvutia kiasi cha kutaka kulifanya filamu, na filamu hiyo ikaja kuwa Shadows.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 alikwenda kwenye kipindi cha redio cha usiku cha Jean Shepherd kuitangaza filamu aliyoajiriwa kuigiza. Akiwa hewani akasema kwamba kama wasikilizaji wanataka sinema kuhusu watu wa kawaida, basi wachangie. Zikaingia takriban dola 2,000. Hadithi hii inapendwa sana siku hizi, kwa kuwa inafanana na michango ya mitandaoni, nami naiona nzuri. Lakini Shadows ilifika karibu dola 40,000 hadi kukamilika. Michango ya redio iliwasha moto tu. Kuni zilitoka kwingine: kwa marafiki, kwa watu waliofanya kazi bila kulipwa, na kwenye ujira wa Cassavetes mwenyewe. Kati ya mwaka 1959 na 1960 aliigiza kama mhusika mkuu wa Johnny Staccato, mfululizo wa televisheni kuhusu mpiga piano wa jazi ambaye pia ni mpelelezi, na pesa za kazi hiyo zikamsaidia kuimaliza filamu yake.

Kuna jambo jingine la Shadows linaloonyesha alikuwa mtayarishaji wa namna gani. Toleo la kwanza lilionyeshwa New York mwaka 1958. Jonas Mekas, mhakiki aliyekuwa na sauti kubwa katika sinema huru, akalisifu. Cassavetes hakuridhika. Aliona watazamaji hawakuguswa na watu walio kwenye kioo, akarudi na waigizaji wake kupiga picha upya, na mwaka 1959 akatoka na toleo la pili lenye sehemu kubwa mpya. Mekas hakulipenda. Mtu aliyekuwa na deni, mwenye sifa za mhakiki mkubwa mkononi, aliamua kutumia pesa nyingine kwa sababu ya nyuso alizoziona ukumbini. Toleo hilo la pili ndilo lililopata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1960, na ndilo lililochukuliwa na msambazaji wa Uingereza, British Lion. Filamu ya New York ililazimika kupitia Ulaya kabla ya nchi yake kuitambua.

Hapo studio zikamwita. Aliongoza Too Late Blues kwa ajili ya Paramount mwaka 1961, kisha A Child Is Waiting mwaka 1963 chini ya mtayarishaji Stanley Kramer. Hiyo ya pili ilimtoka mikononi kwenye chumba cha uhariri: Kramer aliipanga jinsi alivyoona yeye, na Cassavetes akaikana. Nadhani hakuna tukio lililoamua mwendo wa maisha yake kuliko hilo. Alikuwa amewaongoza waigizaji alivyotaka, amepiga picha alizozitaka, na bado filamu ikawa ya mtu mwingine kwa sababu mtu huyo ndiye aliyemiliki mkanda.

Jibu lake lilikuwa Faces. Picha zake zilipigwa mwaka 1965 kwa muda wa miezi sita hivi, kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 16, ndani ya nyumba yake na nyumba ya mama mkwe wake. Waigizaji na mafundi walifanya kazi kwa ahadi ya mgawo. Uhariri ukachukua miaka. Na katika miaka hiyo yeye alikuwa wapi? Alikuwa akiigiza filamu za wengine. Alikuwa ndani ya The Dirty Dozen, iliyotoka mwaka 1967 na kumpa uteuzi wa Oscar kama mwigizaji msaidizi, na ndani ya Rosemary's Baby, iliyotoka mwaka 1968. Mwaka huohuo wa 1968 Faces ikakamilika, ikapata teuzi tatu za Oscar: ya skripti aliyoiandika yeye, na za waigizaji wasaidizi Seymour Cassel na Lynn Carlin.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana ndipo penye funzo la kazi kwa mwigizaji yeyote. Cassavetes alikuwa na kazi mbili zenye majukumu tofauti, na hakuzichanganya. Kuigiza filamu za studio kulimlipa, na pia kulitunza jina lake sokoni, kwa sababu mwigizaji aliyeteuliwa kwa Oscar anaweza kudai ujira mkubwa zaidi kwenye mkataba unaofuata. Filamu zake mwenyewe hakuzitegemea zimlishe zikiwa bado zinatengenezwa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumharakisha kuimaliza Faces, wala kumwambia aifupishe ili mwenye pesa arudishiwe zake upesi. Waigizaji wengi hufanya kinyume: huacha kabisa kazi za kuajiriwa siku wanapoanza filamu yao ya kwanza, wakiona ndiyo kujitoa kikweli, kisha mwezi wa nne kodi ya nyumba inaanza kuamua lini uhariri uishe.

Bei ya njia hii ni muda. Filamu moja kumla mtu miaka mitatu ni jambo zito, na miaka hiyo hairudi. Anayeichagua lazima ajue hivyo tangu mwanzo, na watu wa nyumbani kwake wajue pia.

Tena Cassavetes hakuwa mtu wa kuzikataa studio kwa kiapo. Husbands ya mwaka 1970 ilitolewa na Columbia, na Minnie and Moskowitz ya mwaka 1971 ikatolewa na Universal. Pale ambapo studio ilikubali kumwachia filamu aliyoitaka, alichukua pesa zake. Alijitegemea pale alipokataliwa.

Filamu ambayo hakuna aliyeitaka

A Woman Under the Influence ilianza kama tamthilia ya jukwaani. Rowlands alitaka kuigiza kitu kuhusu mashaka ya wanawake wa wakati ule, mumewe akaandika, naye alipoisoma akasema hawezi kuipitia nafasi kama hiyo usiku baada ya usiku, mara nane kwa wiki, bila kuvunjika. Ikageuzwa filamu. Cassavetes akatafuta wafadhili, akaambiwa hakuna atakayetaka kumtazama mwanamke wa makamo aliyerukwa na akili. Ndipo ikaja rehani ya nyumba, na ndipo zikaja pesa za Falk.

Falk alikuwa amesoma skripti na kuikubali nafasi ya mume, Nick. Kumbuka pesa zake zilitoka wapi: Columbo ilikuwa ikirushwa na NBC tangu mwaka 1971 na kumfanya mmoja wa nyota wakubwa wa televisheni. Mfuko wa filamu hii, kwa hiyo, ulijazwa na waigizaji wawili kwa ujira na mali walizopata kwenye kazi za kuajiriwa. Pesa za Hollywood ndizo zilizotengeneza filamu ambayo Hollywood ilikataa kuitengeneza, isipokuwa zilipita kwanza kwenye mifuko ya watu walioiamini.

Cassavetes wakati huo alikuwa mwongozaji mkaazi katika American Film Institute, akawachukua wanafunzi wa pale kufanya kazi bega kwa bega na mafundi wenye uzoefu. Picha zilipigwa ndani ya nyumba halisi mjini Los Angeles, kwa sehemu kubwa kwa kufuata mtiririko wa hadithi, jambo ambalo watayarishaji wengi hulikwepa kwa kuwa hupandisha gharama. Ukiwa na eneo moja kubwa, hata hivyo, gharama hiyo hupungua sana, na mwigizaji anapata nafasi ya kumjenga mhusika siku hadi siku. Mama yake Cassavetes, Katherine, aliigiza mama wa Nick. Mama yake Rowlands, Lady Rowlands, aliigiza mama wa mke.

Yeye mwenyewe haonekani kwenye filamu. Kwangu hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwigizaji anapopata uwezo wa kutengeneza filamu, kishawishi cha kwanza ni kujipa nafasi ambayo wengine walimnyima. Cassavetes aliweka nyumba yake rehani kwa filamu ambayo yeye hayumo. Katika Shadows na Faces pia hakujipa nafasi ya maana. Alijiuliza filamu inamhitaji nani, na jibu likawa Rowlands na Falk. Baadaye, katika Opening Night na Love Streams, filamu zilipomhitaji mbele ya kamera, aliingia. Ninawaheshimu waigizaji wanaojitengenezea filamu ili waonekane, na wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo. Ila nafasi ya mtayarishaji humpa mwigizaji mamlaka makubwa zaidi ya kuonekana: humpa haki ya kuamua filamu gani iwepo duniani.

Kuhusu pesa za rafiki, niseme wazi. Nusu milioni ya Falk ingeweza kuvunja urafiki na kazi kwa pamoja. Anayewekeza akiwa rafiki anastahili karatasi ileile anayopewa mgeni: amelipa kiasi gani, analipwa wa ngapi, anapata asilimia gani baada ya gharama kurudi, na neno gharama lina maana gani. Wale wanaokubali kulipwa baadaye wanastahili hivyohivyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika filamu huru mali hiyo mara nyingi ni jasho la watu ambao majina yao yameandikwa mwishoni kwa herufi ndogo.

Mezani mwaka 1974

Sasa turudi pale tulipoanza. Filamu ipo, deni lipo, mnunuzi hayupo. Mtayarishaji aliye katika hali hiyo ana njia chache.

Anaweza kuifupisha na kuilainisha hadi msambazaji aikubali. Kwa Cassavetes hilo lingekuwa kurudia yaliyompata mwaka 1963, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Anaweza kuiuza haki zote kwa bei yoyote itakayopatikana, alipe benki, amrudishie Falk kiasi, na filamu imtoke moja kwa moja. Anaweza kusubiri tamasha kubwa likampa jina. Au anaweza kuisambaza mwenyewe.

Ili kuiona njia hiyo ya mwisho kwa haki, tupige hesabu ya kubuni. Chukua dola 100 za tiketi. Mwenye ukumbi anabaki na sehemu yake. Tuseme nusu, ingawa mgawo hubadilika kwa mkataba na kwa wiki. Zinabaki 50. Msambazaji anachukua ada yake. Tuseme asilimia 30 ya hizo, yaani 15. Zinabaki 35. Hapo msambazaji anakata gharama alizolipa za kuchapisha nakala na kutangaza. Kama gharama hizo hazijarudi, zote 35 zinaishia kwake. Mtayarishaji anaanza kuona senti baada ya hapo, na katika senti hizo analipa kwanza waliomkopesha, halafu waliowekeza, halafu waliokubali kusubiri ujira wao. Filamu inaweza kujaza kumbi na mwenye filamu akabaki mkono mtupu, bila mtu yeyote kuiba chochote.

Ukijisambazia, ile 15 inabaki kwako na kila matumizi unayaona. Lakini sasa ni wewe unayelipa nakala na matangazo kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Ni wewe unayempigia mwenye ukumbi asiyekujua, na ni wewe unayemdai akichelewa kulipa, ukiwa na filamu moja tu ya kumtishia nayo, wakati msambazaji mkubwa anaweza kumnyima filamu zake kumi zijazo. Hatari haiondoki kwa kujisambazia. Inahama tu kutoka mfuko wa mwingine kuja wako.

Cassavetes alichagua kujisambazia. Kampuni yake ikapewa jina la Faces, filamu ya mwaka 1968. Akaanza kuwapigia simu wenye kumbi mmojammoja akiwaomba waionyeshe. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Jeff Lipsky, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo, ambaye baadaye naye alijenga maisha yake katika usambazaji wa sinema huru. Filamu ikapelekwa kwenye kumbi zilizozoea sinema za sanaa na kwenye vyuo vikuu. Cassavetes na Falk wakawa wanafika vyuoni na kuzungumza na watazamaji baada ya onyesho.

Tazama jinsi hatua hizo zinavyotegemeana. Mwezi Oktoba mwaka 1974 filamu ilionyeshwa New York Film Festival, jukwaa lililowalazimisha wahakiki kuiandika na kuwapa wenye kumbi sababu ya kupokea simu. Kuanza na kumbi chache kulimaanisha nakala chache, na nakala moja ikimaliza mji huu inaweza kupelekwa mwingine, ikirudisha pesa za kulipia inayofuata. Uso wa Falk, uliojulikana kila nyumba yenye televisheni, ulikuwa tangazo ambalo msambazaji angelilipia pesa nyingi. Na mazungumzo ya vyuoni yaliwageuza watazamaji kuwa wapiga debe, kwa kuwa filamu hii humwacha mtu na jambo la kusema. Waigizaji wengine wakaanza kuitaja hadharani; Richard Dreyfuss aliizungumzia kwenye kipindi cha televisheni cha Mike Douglas kwa hisia kali hivi kwamba watu wakataka kujua ni filamu gani hiyo.

Cassavetes aliteuliwa kwa Oscar ya mwongozaji bora, Rowlands kwa mwigizaji bora wa kike, na Rowlands akatwaa Golden Globe. Filamu ilirudisha gharama zake na kupata faida. Mwaka 1990 iliingizwa kwenye National Film Registry, orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kama urithi wa taifa.

Mbinu ileile, matokeo mengine

Wasimulizi wengi huishia hapo, na kuishia hapo ni kumdanganya msomaji. Mwaka 1976 Cassavetes alitoa The Killing of a Chinese Bookie, akiwa amejigharimia na kujisambazia kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Ben Gazzara aliigiza mwenye klabu ya usiku anayezama kwenye deni la kamari. Watazamaji na wahakiki hawakuipokea, ikaondolewa kumbini baada ya muda mfupi. Mwaka 1978 akaitoa tena akiwa ameipunguza karibu nusu saa, na haikusaidia. Kati ya hizo mbili ikaja Opening Night, mwishoni mwa mwaka 1977. Ilionyeshwa Los Angeles na haikupata watu. Rowlands alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Berlin mwaka 1978 kwa filamu hiyo, na bado hakuna msambazaji wa Marekani aliyeichukua hadi mwaka 1991, miaka miwili baada ya Cassavetes kufariki.

Kwa nini mara moja ikaenda na mara mbili ikakwama? Sababu moja naiona wazi: mwaka 1974 filamu iliingia sokoni na Falk, mtu ambaye umma ulimpenda na ambaye alikuwa na sababu ya kifedha ya kuitangaza kila alipopata nafasi. Filamu zilizofuata hazikuwa na mshirika wa aina hiyo. Halafu kuna mada. Mama wa nyumbani anayeelemewa lilikuwa jambo lililokuwa likizungumzwa kila mahali Marekani miaka hiyo, harakati za wanawake zikiwa zimepamba moto, na kundi la watazamaji lilikuwa tayari limeketi likisubiri. Mwenye klabu anayedaiwa na majambazi hakuwa na kundi kama hilo. Waliotaka sinema ya majambazi hawakuipata waliyoizoea, na waliompenda Cassavetes walishangaa.

Jambo la tatu linanigusa zaidi, nami nalisema kama maoni yangu. Kujisambazia kulifanikiwa mara moja, kukachukuliwa kama utaratibu wa kudumu. Lakini mtandao uliojengwa kwa simu na safari hudhoofika kama haulishwi filamu mara kwa mara. Kampuni kubwa inakwenda kwa wenye kumbi na filamu kila mwezi. Mtu mmoja anakwenda na moja kila miaka miwili, na kila mara anaanza upya. Yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa akiandika, kuongoza, kuhariri, kutafuta pesa na kupokea simu. Katikati ya hayo aliendelea kuigiza filamu za wengine, kama Two-Minute Warning mwaka 1976 na The Fury mwaka 1978. Mtu mmoja ana saa ngapi kwa siku? Ningekuwa mshauri wake mwaka 1975, ningemsihi atumie faida ya A Woman Under the Influence kuajiri mtu wa usambazaji wa kudumu na kuchukua filamu za watengenezaji wengine huru, ili simu ya kwenda kwa mwenye ukumbi isikauke. Njia ingekuwa imeshalimwa kabla ya filamu yake mpya kuwa tayari.

Baada ya Opening Night alirudi kwenye alichokijua: kazi ya kulipwa. Aliandika Gloria ili aiuze tu. Columbia ilipoitaka na Rowlands akiwa mhusika mkuu, akaiongoza yeye. Mwaka 1980 ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, kwa kugawana na filamu nyingine. Love Streams, iliyotengenezwa na kampuni ya Cannon, ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 1984.

Mwigizaji wa leo anayesoma kisa hiki hana haja ya kubeba mikanda mizito kutoka mji hadi mji, na anaweza kuiweka filamu mtandaoni usiku mmoja. Hesabu ya mezani haijabadilika sana. Mkataba wa jukwaa la intaneti nao una ada, una gharama zinazokatwa kwanza, una muda. Usomwe kwa maswali yaleyale: haki zinachukuliwa kwa miaka mingapi na kwa nchi zipi; ni kwa ukumbi, televisheni na intaneti zote au moja tu; gharama za matangazo zina kikomo au zinaweza kuongezwa bila kuulizwa; mwenye filamu ana haki ya kukagua vitabu; na haki zinarudi lini kampuni ikifilisika au ikiiacha filamu bila kuionyesha. Jibu moja baya kati ya hayo linaweza kufuta miaka mitatu ya kazi. Na kabla ya mkataba wowote, kila aliyeigiza, aliyeandika na aliyetunga muziki awe ametia saini kuikabidhi haki yake kwa filamu, kwa sababu msambazaji makini ataziomba karatasi hizo kabla ya kukubali lolote.

Ukitaka kujua umiliki ulimwachia nini Cassavetes, angalia mwaka 2004. Kampuni ya Criterion, inayotoa filamu muhimu kwenye diski za kutazama nyumbani, ilitoa mkusanyo wa filamu zake tano: Shadows, Faces, A Woman Under the Influence, The Killing of a Chinese Bookie na Opening Night. Ni zile alizozitengeneza nje ya studio. Mbili kati yake zilikuwa zimemfilisi kwa kiasi kikubwa, moja haikuwahi kupata msambazaji nchini kwake akiwa hai, na zote tano zikatoka pamoja, kila moja ikiwa kama alivyotaka ionekane, huku Chinese Bookie ikiwekwa katika matoleo yote mawili. Husbands, Gloria na Love Streams, ambazo haki zake zilikuwa kwa wengine, hazikuwemo.